Nilisema Nimefunga

Tangu turudi, kila ninayekutana naye sokoni Kitui ananiuliza safari ilikuwaje, nami nimekuwa nikijibu kwamba ilikuwa nzuri. Naona jibu hilo limewachosha. Jumapili iliyopita mlinizingira nje ya kanisa mkadai habari yote, na kwa kuwa nikisimulia kwa mdomo mke wangu hunikatiza kila sentensi ya pili, nimeona heri niandike.

Gari mnalijua. Lilikuwa la kusambaza mikate, nikalichukua nilipostaafu kufundisha useremala, nikalijengea ndani kitanda, makabati, meza ya kukunja na mahali pa jiko la gesi. Nasema bila haya kwamba makabati yale ni kazi safi. Viungo vimeshikana bila msumari hata mmoja, na milango inafunga kwa komeo za sumaku zinazolia tik, sauti niliyokuwa naipenda kuliko nyimbo nyingi.

Wakesho mke wangu pia mnamjua, ila labda hamjui kwa nini alikaa mwaka mzima bila kutia mguu ndani ya gari hilo. Tulikuwa tunakwenda harusini Mwingi. Kabla ya kutoka aliniuliza kama nimefunga mtungi wa maji, ule wa lita ishirini. Nikasema nimefunga. Na kweli nilikuwa nimefunga. Kifuniko nilikikaza mpaka kiganja kikauma. Yeye alikuwa anauliza habari ya kamba. Tulipokaribia mji wa Kabati mbuzi akakatiza barabara, nikapiga breki, mtungi ukatoka nyuma na kumpiga begani. Haukumwaga hata tone. Alitembea na mkono umening'inizwa shingoni kwa wiki sita.

Wakesho ni Mtaita na mimi ni Mkamba, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili tangu tuoane. Kikamba kina neno lake la kufunga mlango na neno lingine kabisa la kufunga mzigo. Tungekuwa tunaongea Kikamba, bega lingekuwa zima. Hoja hiyo niliitoa mara nyingi mwaka huo, mbele ya watoto na mbele ya wageni, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Pole sikusema. Nilijiona sina kosa, na mtu asiye na kosa aombe pole ya nini?

Basi dada yake Mkamburi, mwenye hoteli ndogo Mtito Andei, akatualika tukakae naye siku mbili. Nilitaka twende na gari langu. Wakesho alifikiri siku tatu, kisha akanijibu akiwa anachambua mboga.

"Nitaenda na gari yako, Baba Mumo," alisema. Mumo ni kifungua mimba wetu. "Lakini kitu ikisogea huko nyuma, hata kijiko, mimi nashuka hapo hapo natafuta basi. Na mimi na hiyo gari tumeachana."

Nilijua hatanii. Nilijua pia kwamba gari la kulala watu wawili, akilala mmoja, ni stoo tu.

Kitui hadi Wote

Asubuhi ya kuondoka nilipita kila kabati nikisikiliza tik. Sahani ndani, tik. Sufuria ndani, tik. Mtungi wa gesi niliuweka kwenye kabati lake la chini, na sanduku la vifaa vya useremala nikalitia chini ya kitanda nyuma ya mlango wake. Mitungi miwili ya maji niliikumbatisha kwa blada, ile mipira ya tyubu ambayo watu wa bodaboda hufungia kreti za soda.

"Umefunga?" aliuliza akiwa mlangoni na mkoba wake mkononi.

"Nimefunga."

Alinitazama kwa muda, lakini hakuuliza swali la pili. Akapanda.

Lami ilikuwa nzuri. Wakesho alizima redio apate kusikia vizuri. Mimi nilitazama barabara na yeye alitazama barabara, ila masikio yake yalikuwa nyuma. Kwenye kituo cha Kwa Vonza tulisimama tukanywa chai na sambusa. Picha ya mkate ubavuni mwa gari imefifia lakini bado inaonekana, hivyo wanawake wawili walikuja na kikapu kutaka mikate, na mmoja hakukubali kwamba hakuna mpaka nilipomfungulia mlango wa nyuma. Aliona kitanda na pazia, akaondoka haraka bila kuaga.

Mbele kidogo afisa wa trafiki alitusimamisha akauliza tumebeba nini. Nilimwonyesha. Aligusa milango ya makabati, akafungua mmoja, akaufunga, akausikiliza ukilia. "Hii ni nyumba kabisa," alisema, na akaniuliza kama naweza kumtengenezea kabati la televisheni. Nilimtazama Wakesho apate kusikia sifa hizo. Alikuwa anahesabu mabasi yanayopita.

Tulifika mji wa Wote saa nane na dakika kidogo bila kitu kusogea. Nilianza kupiga mluzi.

Wote hadi Kalamba

Mluzi ule ndio uliotuponza, maana ulinifanya nijiamini. Badala ya kushika njia ambayo kila mtu angeishika, nilisema tupite Kalamba, tuone mashamba, tutokezee Makindu. Barabara ya vumbi huko ilikuwa imejikunja mikunjo midogo midogo, na gari likaanza kutetemeka meno kwa meno. Sumaku ni kitu kizuri katika nyumba iliyosimama. Ikitikiswa hivyo nusu saa, inachoka.

Kwanza kilianguka kijiko. Nakumbuka kwa sababu sote wawili tulikisikia, na Wakesho akauweka mkoba wake mapajani. Nilipunguza mwendo. Kikafuata kifuniko cha sufuria, kikabingirika huku na huku, kikatulia. Kisha milango yote ikafunguka kama watu wanaotoka ibadani, sahani zikashuka, na sanduku la vifaa likateleza kutoka chini ya kitanda mpaka likagonga mgongo wa kiti cha Wakesho. Halikumgonga kwa nguvu. Ni kama mtu aliyebisha hodi. Lakini nilimwona akishika bega lake.

"Simamisha," alisema.

Tulikuwa tumeshaingia kituo cha Kalamba. Alishuka na mkoba wake na kwenda kusimama mbele ya duka lililofungwa. Nilimfuata nikiwa na maelezo. Hakuyahitaji. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mtungi wa maji mgongoni, ukanda wake umepita kwenye paji la uso, alisimama, akatazama ubavu wa gari akauliza kama mkate umebaki.

"Hakuna mkate, mama," Wakesho alisema. "Natafuta gari ya Makindu."

"Leo imeshaenda. Ingine ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Inapitia hapo kwetu." Alitutazama mmoja mmoja, akaona mkoba, akaona uso wangu. "Kujeni nyumbani. Hamuwezi kulala hapa kama ng'ombe ya mnada."

Aliitwa Mama Kalondu. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye alama ya ukanda iliyochoreka kwenye paji la uso. Alikataa tumbebee maji kwenye gari. Alisema ameona jinsi gari letu linavyobeba.

Kalamba

Mumewe, mzee wa kanisa la kijiji, alitupokea langoni, na mkewe akamwambia mimi ni mwalimu mstaafu. Alinisalimu kwa mikono miwili, akautazama uso wangu uliochoka, kisha gari, akaniuliza, "Mwalimu, umefunga?"

Niliona anatazama upande wa gari. "Nimefunga," nilisema, kwa kuwa ndilo jibu langu la kawaida. "Tangu Kitui."

"Tangu Kitui! Na ni mpaka lini?"

"Mpaka Mtito Andei, Mungu akipenda."

Alivua kofia. Akanishika mkono na hakuuachilia. "Akutie nguvu," alisema. "Watu wa siku hizi hawafungi."

Nilikubaliana naye kabisa. Nilisema watu siku hizi wanajitia barabarani bila kufunga, ndiyo maana ajali ni nyingi. Alitikisa kichwa kwa huzuni akasema hayo hata yeye amewahi kuyahubiri. Niliona nimekutana na mtu mwenye akili.

Saa kumi na moja tuliitwa mezani. Kulikuwa na isyo ya mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri, kuku wa kuchemsha, na chapati. Mimi tangu ile sambusa ya Kwa Vonza sikuwa nimeonja kitu. Mzee alisimama kuomba, akashukuru kwa wageni, kisha akasema, "Na mtumishi wako huyu aliyefunga kwa ajili ya safari, usimwache alegee." Wote wakaitikia amina. Sahani zikagawanywa. Yangu haikuwako. Niliwekewa glasi ya maji, na Mama Kalondu akaisogeza mbali kidogo, kwa hofu kwamba labda hata maji nimefunga.

Nilimtazama Wakesho. Alikuwa ameelewa tangu langoni, nina hakika, kwa sababu alikuwa anatafuna akiwa ameinamia sahani kwa adabu ya ajabu. Ningewezaje kusema sasa, baada ya sala, baada ya ile kofia, kwamba nilikuwa nazungumzia sufuria? Nilikaa nikatazama watu wakila. Wakesho alikula sahani mbili.

"Ungewaambia," nilimnong'oneza baadaye.

"Niwaambie nini? Nilikusikia ukisema mwenyewe."

Jua lilikuwa halijazama Mama Kalondu alipotaka kuona kilichoanguka. Aliingia ndani ya gari, akashika ubao wa kabati, akautikisa kwa mkono mmoja, akafungua mlango, tik, akafunga, tik. Nikangoja sifa.

"Mwalimu, hapa umefunga nyumba," alisema. "Nyumba haiendi mahali. Hii ni mzigo."

Alienda akaleta ukanda wake. Wakamba tunauita mukwa, na nimeuona maisha yangu yote kwenye migongo ya mama zetu bila kufikiri kwamba ni kifaa. Aliuzungusha kwenye mtungi wangu wa maji. Ukanda ulipita chini kwanza, chini kabisa ya kitako cha mtungi, ndipo ukapanda. "Kamba ikipita juu peke yake inafunika tu," alisema. "Ipite chini, ndio inashika. Na ile nzito inakaa chini, karibu na mgongo. Ikiwa mbali inakuvuta, inakuangusha. Hiyo mpira umeweka inanyooka. Mzigo ikitaka kwenda, mpira inaisindikiza."

Wakesho, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa ameingia humo kwa hiari, alipanda akasimama karibu naye. Waliondoa kila kitu. Mtungi wa gesi ukaja nyuma ya migongo ya viti, wima, na mitungi ya maji ikaja pembeni yake, yote sakafuni. Sahani zikatandikwa mashuka katikati zisipigane. Mzee alituletea kamba za katani. Mama Kalondu aliipitisha moja kwenye nguzo ya kabati langu, akakanyaga ukuta kwa mguu, akavuta. Skrubu zikatoka kwenye plaiwudi ya ukutani kama mbegu kwenye papai.

"Na hii ilikuwa imeshika nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua.

Nilifundisha useremala miaka mingi, nikapiga magoti kutazama matundu ya skrubu. Mbao zangu zilishikana vizuri sana zenyewe kwa zenyewe, lakini hakuna kilichozishikisha na chuma cha gari lenyewe. Nilitoa keekee ya mkono nikatoboa mbavu za chuma za gari, nikapitisha boliti za pete, nikakaza nati kwa nyuma. Tumbo lilikuwa linanguruma na watu wote walilisikia kwa heshima.

Kamba zote alizifunga Wakesho. Alivuta, akakanyaga, akavuta tena, akipendelea mkono mmoja, na Mama Kalondu akimwambia wapi pamelegea.

"Kwa Kikamba hii mnaitaje?" Wakesho aliuliza.

"Hii ni kwova."

"Na kufunga mlango?"

"Kuvinga."

Alirudia maneno yote mawili polepole, akinitazama. Nilijifanya nahesabu nati.

Asubuhi gari la Makindu lilipiga honi langoni wakati wengine wanakunywa uji. Wakesho alitoka na mkoba wake. Nilisimama kando ya gari langu. Kondakta alifungua mlango akasogea kumpisha. Wakesho alitazama ndani, akatazama nyuma kwangu, kisha akamwambia, "Wewe nenda tu. Kuna mzigo nimefunga na mikono yangu. Siwezi kuachia huyu."

Mzee alituombea tena. Uji sikupewa, Mtito Andei ilikuwa bado mbali.

Makindu hadi Mtito Andei

Mama Kalondu alikuwa amempa Wakesho chapati zilizobaki, za kufungulia saumu yangu. Tulipopita kona ya kwanza niliziomba.

"Ziko kwa kabati ya chini," alisema. "Chini ya kamba nne."

Nilikula Makindu, ugali na nyama, nikiwa nimesimama. Mwenye hoteli aliniuliza kama natoka hospitali.

Barabara kuu ya Mombasa haina mchezo. Malori yanafuatana, na ukifuata moja kwa karibu unaona taa zake za breki tu. Nyuma kulikuwa kimya. Ukimya huo ulikuwa mgeni kwangu. Nilikuwa nimezoea makabati yangu yaongee. Wakesho aliwasha redio. Kila nilipoona nafasi pana nilisimama, nikazunguka nyuma, nikavuta kila kamba na kurudi. Alisema Mama Kalondu alinifundisha kubeba, hakunifundisha ugonjwa.

Mkamburi alitupokea na samaki wa nazi na wali. Hoteli yake hujaa madereva wa malori, na mmoja wao aliomba kuona ndani ya gari. Alivuta kamba, akainama kuona zinapopita, akauliza ni nani amefunga. Wakesho akasema ni yeye. Dereva akamsogezea kiti chake.

Kwa siku mbili sikuwa na kazi, nikakaa jikoni kwa Mkamburi nikiwatazama dada wawili wakipika. Sufuria kubwa zilikaa kwenye rafu ya juu. Kila mara ilipohitajika moja, Wakesho aliburuta kigoda, akapanda, akaishusha kwa mkono wa kushoto. Mkamburi alikuwa anafikia akiwa chini, na kimo chao ni kimoja. Niliuliza kwa nini anapanda kigoda.

"Mkono hii haiendi juu," alisema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Si tangu ile siku ya mtungi."

Nyumbani ninayeshusha sufuria za juu ni mimi, nikiombwa. Nilidhani anadeka tu. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, na nikatoka nje kwenda kukaza kamba zisizohitaji kukazwa.

Kambu

Tuliondoka Mtito Andei asubuhi kurudi nyumbani kwa njia ya Kibwezi na Mutomo. Kambu nilisimama penye wauza vitunguu na tikiti. Nikatoka, nikazunguka nyuma, nikavuta kamba ya gesi, kamba za maji, kamba ya sanduku. Zote ziko sawa. Mwuza tikiti aliuliza kama ni mkate. Nikarudi nimeridhika kabisa, nikatia gia, nikaingia barabarani.

Hatukuwa tumemaliza hata maduka lori lilipotoka kwenye maegesho bila kutazama. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilipiga kelele, likayumba, likasimama mkono mmoja kutoka kwenye magurudumu ya lori hilo.

Nyuma hakikusogea kitu. Wala sahani haikulia. Mimi ndiye niliyekwenda mbele. Kifua kiligonga usukani na paji la uso likagonga kioo, kwa sababu niliporudi kutoka kukagua kamba za mizigo sikufunga mkanda wangu.

Wakesho alikuwa amekaa wima ndani ya mkanda wake. Alinitazama, akatazama nyuma, akanitazama tena.

"Kitu imesogea," alisema.

Akafungua mlango akashuka. Basi la kwenda Nairobi lilikuwa linapunguza mwendo kwa ajili ya msongamano tulioufanya, na kondakta akamwona mama amesimama kando ya barabara na mkoba begani, akagonga bati na kumwita. Nilijaribu kusema kitu lakini kifua hakikuwa na pumzi. Ahadi ni ahadi, na aliitoa mapema. Nilihisi kama mtu anayetazama nyumba yake ikifungwa akiwa nje.

Alimpungia kondakta apite. Akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wangu, akanifuta damu kwa ncha ya leso yake.

"Sogea huko," alisema. Leseni yake ni ya zamani kuliko yangu; aliendesha gari la zahanati miaka mingi. Nilijiburuta hadi kiti cha kushoto. Akavuta mkanda ukapita kifuani pangu, polepole kwa sababu pananiuma, akaubana mwenyewe.

Sikuwahi kukaa kwenye kiti kile tangu nilijenge lile gari. Mizigo yote iko nyuma ya mgongo wako na huioni. Unasikia tu. Kila alipogusa breki shingo yangu ilijikunja yenyewe, ingawa nilijua kamba zilivyo na nilijua nani kazifunga. Niliogopa kama mtoto. Nikafikiria jinsi yeye alivyokaa hapo kutoka Kitui, redio imezimwa, nami napiga mluzi.

"Pole," nilimwambia.

"Pole ya nini? Si wewe ndio umeumia."

"Ya bega. Uliniuliza vizuri. Mimi ndiye sikufunga."

Aliacha malori mawili yapite, akatazama kioo cha pembeni. Tulipofika njia panda ya Kibwezi alipunguza mwendo, akawasha indiketa.

"Mwaka mzima nilikuwa nangojea hiyo," alisema, akakata kona ya kwenda nyumbani.